Makombe ya Bahari Katika Nyumba za Makumbusho: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo juu ya konokono wa bahari na namna makombe yao yanavyohifadhiwa, yaliyotungwa kwa faida ya watu wa mijini na wa mashambani.



Mtu aendaye ufukoni wakati wa maji kupwa, iwe ni Lamu, Malindi au Mombasa, huyakuta mchangani makombe ya konokono wa namna nyingi. Mengine ni madogo kama punje ya mtama, na mengine ni makubwa kupita ngumi ya mtu mzima. Watoto huyaokota, huyachezea kitambo, kisha huyatupa. Zamani washonaji wa pwani walilitumia dondo, lile kombe kubwa lenye madoadoa, kulainishia mishono ya nguo. Lakini wengi wangestaajabu kusikia kwamba katika miji kama London, Paris, New York, na hata Nairobi, makombe kama hayo yamewekwa kwa maelfu katika makabati, yana watunzaji wa kazi hiyo, na wenye elimu husafiri kutoka nchi za mbali ili wayatazame.

Yafaa basi kuuliza: kuna faida gani kukilinda kwa gharama kitu ambacho bahari yenyewe hukitupa ufukoni? Jibu ni kwamba kombe lililowekwa vizuri, pamoja na kikaratasi kisemacho lilipatikana wapi, lini na kwa mkono wa nani, ni shahidi. Laweza kuulizwa maswali baada ya miaka mia mbili, nalo likajibu. Kombe lile lile likipotewa na kikaratasi chake huwa pambo tu. Mambo yatakayoelezwa hapa yote yatalithibitisha neno hilo.

NYUMBA ISIYOOZA

Konokono wa bahari ni mnyama mwenye mwili laini usio na mfupa. Kwa kuwa adui zake ni wengi, amejaliwa uwezo wa kujijengea nyumba. Ngozi laini iliyozunguka mwili wake huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuigandisha pembezoni mwa mlango wa kombe, tabaka juu ya tabaka. Kadiri mnyama akuavyo, nyumba nayo huongezeka na kujizungusha. Konokono hahami nyumba yake kama afanyavyo kaa yule akaaye katika makombe ya wengine. Huzaliwa nayo, hukua nayo, na hufa nayo. Wengi wana kifuniko kigumu mguuni, ambacho hukifungia mlango mara wajiingizapo ndani.

Mnyama akifa, mwili huoza upesi, lakini chokaa hubaki. Ndiyo sababu makombe yanafaa sana kuhifadhiwa kuliko viumbe wengine wa baharini. Hata hivyo wataalamu wa siku hizi hawatosheki na kombe tupu. Hupenda pia kuutia mwili wa mnyama katika chupa ya spiriti, kwa maana meno yake, mguu wake na viungo vyake vya ndani hueleza mambo ambayo kombe haliwezi kuyaeleza.

Tena haitoshi kuweka kombe moja la kila aina. Konokono mchanga hafanani na mzee, na waishio penye mawimbi makali huenda wasifanane na ndugu zao waishio penye maji matulivu. Kwa hiyo katika droo moja mtu aweza kukuta makombe thelathini ambayo kwa macho ya mgeni ni yale yale, lakini kwa macho ya mtunzaji kila moja lina habari yake.

JINA NA KIPIMO CHAKE

Kila pwani ina majina yake. Kombe liitwalo dondo na Waswahili lina jina jingine kwa Wahindi, jingine kwa Wafilipino, na jingine kwa Wajapani. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu ambamo kila mnyama alipewa jina la maneno mawili kwa Kilatini, ili watu wa lugha zote waelewane. Dondo alimwita Cypraea tigris, yaani chui milia, ingawa madoadoa yake yafanana zaidi na ya chui wa nchi hizi. Kauri ndogo ya manjano alimpa jina la moneta, neno lenye maana ya sarafu, kwa kuwa alijua kwamba watu waliitumia kununulia vitu. Nyingine yenye mduara wa rangi ya dhahabu mgongoni aliita annulus, yaani pete.

Lakini jina pekee halitoshi. Sokoni, watu wawili wakigombana juu ya ujazo wa pishi, hutafutwa pishi iliyopimwa na kupigwa muhuri. Hali ni hiyo hiyo kwa wanyama. Kwa kanuni za sasa, mtaalamu atoaye jina jipya hana budi kuchagua kielelezo kimoja na kukitangaza kuwa ndicho kipimo cha jina hilo. Kielelezo hicho huwekwa mahali pa amani, nacho hutazamwa kila panapotokea shaka. Makombe ya Linnaeus mwenyewe hayakupotea baada ya kifo chake. Mwaka 1784 mkusanyo wake ulinunuliwa na Mwingereza kijana, James Edward Smith, nao upo London hata leo.

MSHONA MATANGA ALIYEKUSANYA BAHARI

Katika wote waliokusanya makombe, hakuna aliyemshinda Hugh Cuming. Alizaliwa mwaka 1791 huko Devon, Uingereza, akafundishwa kazi ya kushona matanga ya merikebu. Mwaka 1819 alivuka bahari akaenda Amerika ya Kusini, na baadaye akafanya makao yake katika bandari ya Valparaíso, nchi ya Chile. Alipokwisha kuchuma fedha ya kumtosha, aliunda chombo chake mwenyewe, akakiita Discoverer, akakijenga kwa nia moja tu: kukusanya viumbe na kuwapanga. Kwa chombo hicho alizunguka visiwa vya Pasifiki, kisha pwani ya magharibi ya Amerika.

Tangu mwaka 1836 hadi 1840 alikuwa katika visiwa vya Ufilipino. Huko aliitumia hekima kubwa. Aliona kwamba mtu mmoja hawezi kupekua kila mwamba na kila msitu, lakini watoto wa nchi wanaweza, kwa kuwa ndio wazijuao njia. Akapatana na mapadre, nao wakawaruhusu wanafunzi wao wamtafutie konokono wa baharini na wa nchi kavu. Yafaa ikumbukwe basi kwamba sehemu kubwa ya mkusanyo uliompa sifa mgeni huyo iliokotwa na mikono ya watoto wa Kifilipino, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Cuming alikufa London mwaka 1865. Mwaka uliofuata, British Museum ilinunua mkusanyo wake kwa pauni 6,000. Ulikuwa na vielelezo 82,992. Hakuna mtu mmoja kabla yake aliyekuwa amekusanya kiasi kama hicho.

Lakini mali hiyo kubwa ilikuwa na upungufu mkubwa. Cuming alikuwa na jicho kali la kutambua makombe, bali hakuwa mwandishi mwangalifu. Mara nyingi mahali pa kombe palitajwa kwa jina la kisiwa kizima, au palikosewa kabisa. Tena husimuliwa kwamba, wakati makombe yalipokuwa yakichukuliwa kupitishwa uwanjani, upepo ulivuma ukapeperusha vikaratasi, visijulikane tena kipi ni cha kombe lipi. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini hasara iliyotokana na maandishi mabaya ni ya kweli. Wataalamu waliokuja baadaye walilazimika kutumia miaka mingi wakichunguza kama aina fulani ilitoka kweli Ufilipino, au Amerika, au mahali pengine. Dakika moja ya kuandika ingaliwaokoa taabu hiyo.

UTUKUFU WA BAHARI

Katika makombe ya Cuming lilikuwamo moja lililotamaniwa na matajiri wa Ulaya kuliko yote. Ni la konokono wa umbo la pia, jembamba na refu, lililochorwa mistari myembamba ya rangi ya dhahabu na hudhurungi kama wavu uliosukwa na fundi stadi. Mwaka 1777 lilipewa jina la Conus gloriamaris, yaani utukufu wa bahari. Kwa muda mrefu makombe ya aina hiyo yaliyojulikana duniani yalikuwa machache sana, hata mtu aliweza kuyahesabu. Cuming mwenyewe aliyapata mwaka 1837 kwa kupindua jiwe katika mwamba wa Jagna, kisiwa cha Bohol. Baadaye zilienea habari kwamba mwamba huo ulizamishwa na tetemeko la nchi na kwamba konokono hao wamekwisha. Habari hizo hazikuwa za kweli, lakini ziliipandisha bei. Mwaka 1951 mwivi aliliiba kombe moja la namna hiyo katika jumba la American Museum of Natural History, New York.

Kisha, mwaka 1969, wapiga mbizi waliwakuta konokono hao wakiishi karibu na kisiwa cha Guadalcanal. Mara bei ikaanguka. Aliyelinunua kombe lake kwa ajili ya uchache wake alipata hasara. Lakini makombe yaliyokuwa na habari kamili hayakupungukiwa na kitu, bali faida yake iliongezeka, kwa sababu sasa yaliweza kulinganishwa na mengine ya mahali pengine. Thamani ya sokoni hutegemea kama wengine wanacho kitu hicho au hawana. Thamani ya elimu hutegemea ukweli wa maandishi.

KAURI ILIYOKUWA FEDHA

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika habari hizi. Kwa karne nyingi kauri za moneta zilichukuliwa kutoka visiwa vya Maldivi, zikapelekwa Bara Hindi na Ulaya, na mwisho zikafika Afrika ya Magharibi, ambako zilikuwa fedha halisi. Kwa fedha hiyo zilinunuliwa bidhaa, na pia, kwa huzuni, wanadamu walionunuliwa kuwa watumwa. Katika miaka ya 1840 wafanya biashara wa Hamburg waliona kwamba kauri ya pete, annulus, yapatikana kwa wingi Unguja na pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwa bei ndogo. Wakazipakia merikebuni kwa shehena kubwa, wakazimwaga katika masoko ya Afrika ya Magharibi. Matokeo yake yalikuwa yale ambayo kila mtu wa soko ayajua: fedha ikizidi, thamani hupungua. Mwisho wa karne ya 19 mtu aliyekuwa ameweka akiba yake kwa kauri alijikuta na mzigo mzito usionunua kitu.

Kauri zilipenya pia bara la Afrika ya Mashariki. Huko Buganda zilitumika sokoni, na mpaka leo Waganda huziita fedha kwa jina la ensimbi, neno lile lile la kauri. Basi mchimbuaji wa mambo ya kale akutapo kauri katika magofu yaliyo mbali na bahari, huzichukua akazilinganisha na zile za makumbusho, moneta kwa moneta na annulus kwa annulus. Kwa njia hiyo kitu kidogo kisichoandikwa neno huanza kueleza njia za misafara na biashara. Bila vielelezo vyenye mahali pa hakika, pasingekuwa na cha kulinganisha.

SUMU NA DAWA

Hapa yapo maneno ya kuangaliwa hasa na watu wa pwani. Konokono wenye umbo la pia, jamaa ya yule aliyetajwa juu, wana jino lenye tundu kama mkuki mdogo, nalo limejaa sumu. Humchoma samaki au mnyoo, akalegea, naye konokono akammeza. Aina iitwayo Conus geographus, ambayo hupatikana pia katika bahari hii ya Hindi hata pwani ya Afrika, yaweza kumwua mtu. Hakuna dawa maalum ya kuiondoa sumu hiyo. Aliyechomwa hana budi kutulizwa asitembee, na kupelekwa hospitali bila kukawia, maana pumzi yaweza kukatika, naye atahitaji kusaidiwa kupumua. Kwa hiyo mtoto asiokote konokono hai wa umbo la pia, wala mtu yeyote asimtie mfukoni. Kushika upande mpana wa kombe si kinga, kwa sababu jino laweza kufika mbali.

Lakini sumu hiyo hiyo imekuwa dawa. Mtaalamu mzaliwa wa Ufilipino, Baldomero Olivera, pamoja na wenzake, alichunguza sumu za konokono hao, akaona kwamba kila aina ina mchanganyiko wake. Katika sumu ya Conus magus kulipatikana kitu kinachozuia habari za maumivu zisipite katika uti wa mgongo. Mwaka 2004 dawa iliyotengenezwa kwa mfano wake, iitwayo ziconotide, ilikubaliwa nchini Marekani kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyotulizwa na dawa nyingine. Nayo si ya jamii ya afyuni.

Fikirini lingetokea nini kama mchunguzi angekosea jina la konokono. Angeeleza kazi ya sumu ya aina moja kwa jina la aina nyingine, na wenzake wa nchi za mbali wangetafuta miaka mingi wasipate kitu. Kombe likihifadhiwa makumbusho, mtu yeyote aweza kwenda akahakikisha.

ADUI WA KABATINI

Baadhi ya watu hudhani kwamba chokaa ikiisha kuwekwa kabatini haina adui. Sivyo. Watunzaji wa zamani waliona makombe mazuri yakipoteza mng'ao na kufunikwa na unga mweupe kama ukungu, hata michoro ikaliwa kabisa. Mwaka 1899 Mwingereza aitwaye Byne aliandika juu ya jambo hilo, na tangu hapo likaitwa ugonjwa wa Byne. Lakini huo si ugonjwa, wala hauletwi na vijidudu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1985 ulionyesha kwamba mvuke wenye asidi hutoka katika mbao za kabati lenyewe, hasa za mti wa mwaloni, ukala chokaa ya kombe mahali penye unyevu. Kabati la fahari lililonunuliwa kwa fedha nyingi ndilo lililokuwa likila mali iliyomo. Siku hizi makumbusho mengi hutumia makabati ya chuma na karatasi zisizo na asidi, na hewa hupimwa unyevu wake.

WAJIBU WA MWOKOTAJI

Jumba la makumbusho la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon Museum, nalo lina makombe ya pwani hii. Mkusanyo wa namna hiyo ni kama daftari la bahari. Siku moja watu watauliza: konokono fulani alikuwapo Watamu zamani? Alitoweka lini? Daftari ndilo litakalojibu.

Lakini kuweka vielelezo vichache kwa elimu si sawa na kuikomba bahari kwa ajili ya mapambo. Makombe mazuri yanayouzwa kwa wageni mara nyingi huchukuliwa na konokono akiwa hai, kisha huchemshwa. Konokono mkubwa aitwaye Charonia tritonis, ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu katika nchi nyingi, ni mmoja wa wanyama wachache wawezao kumla kiti cha pwani mwenye miiba aharibuye matumbawe. Akimalizwa yeye, adui huyo hupungukiwa na wa kumzuia, na matumbawe yakifa samaki hukosa makao, na mvuvi hukosa kitoweo. Kwa sababu kama hizo sehemu za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968 kuwa hifadhi za taifa za baharini, na humo ni marufuku kuchukua kombe lolote, liwe lenye mnyama au tupu.

Mwalimu apendaye kuwafundisha wanafunzi wake mambo haya hana haja ya kuvunja sheria wala kuua. Konokono wa shambani na makombe matupu yaliyo nje ya hifadhi, pale sheria iruhusupo, yatosha. Wafundishwe kuandika siku ile ile, kwa kalamu ya risasi isiyofutwa na maji: jina la mahali, tarehe, kama palikuwa na mchanga au mwamba au nyasi, na jina la aliyekiokota. Kikaratasi na kitu visitenganishwe kamwe. Na jina la mtoto aliyekiokota liandikwe kama liandikwavyo la mkubwa, ili asisahauliwe kama walivyosahauliwa wale wa Ufilipino.

Wazee wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliyasema hayo juu ya duka na shamba, lakini yanayafaa pia makombe ya bahari.